Maji yaliyojificha ukutani na paani: jinsi ya kuyagundua kabla hayajakula nyumba



Masika yakishaanza kumwaga, simu yangu nayo huanza kulia. "Kaka, ukuta wangu umefura." "Ami, dari inatona maji na juu hakuna bomba." Nilisomea diploma ya ujenzi na nikasimamia kazi za watu miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo jamaa na majirani hunichukulia kama tabibu wa nyumba. Leo nataka kuyaandika yote mahali pamoja, ili mtu aweze kujipimia mwenyewe kabla hajaita fundi, na kabla hajagombana na mtu.

Naanza na kosa langu mimi.

Miaka michache nyuma, katika nyumba moja ya ghorofa mtaani kwetu, Bi mkubwa anayeishi chini alinionyesha doa kwenye pembe ya dari ya chumba chake cha kulala. Juu ya pembe ile, kidogo upande, palikuwa na bafu la familia ya ghorofa ya kwanza. Nilitazama kwa dakika tano nikasema, "Bi, hili ni bafu la juu." Sikupima chochote. Neno langu likachukuliwa kama hukumu ya kadhi. Familia ya juu ikavunja vigae, ikabadilisha mabomba, ikapanga vigae vipya. Zaidi ya shilingi elfu arubaini zikaenda. Masika yaliyofuata doa likarudi, tena kubwa kuliko mwanzo. Bi mkubwa akaamini wenzake wamefanya kazi ya bora liende. Wenzake wakaamini mama yule anawatafutia sababu. Idi ikafika, sahani ya biriani haikupandishwa ngazi wala haikuteremshwa.

Kilichotufungua macho ni safari. Familia ya juu ilikwenda Lamu wiki mbili, bafu limefungwa na maji yamekatwa. Katika wiki hizo hizo mvua ilinyesha, na doa likaongezeka. Ndipo nikapanda paani na ndoo ya maji niliyoyatia rangi nyekundu ya chakula, nikayamimina polepole kwenye tundu la kutolea maji ya mvua. Haikufika saa moja, wekundu ukatokea kwenye dari ya Bi mkubwa. Bomba la kuteremshia maji ya mvua lilikuwa limezikwa ndani ya ukuta tangu nyumba ijengwe, na kiungo chake kimoja kilikuwa kimeachana. Bafu halikuwa na hatia. Nilipanda ngazi siku hiyo hiyo nikaomba radhi.

Funzo nililolipata ndilo msingi wa makala haya: doa hukuonyesha mahali maji yanapotokea, halikuonyeshi yalikoingilia. Maji hufuata nondo, hufuata boriti, hufuata bomba na nyufa za slabu, yakaibuka mbali na mlango wake. Kwa hiyo kabla ya kumtaja mkosaji, jibu maswali mawili: unyevu uko wapi hasa, na unaongezeka lini?

Kwa nini nyumba za pwani hushika unyevu

Sababu ya kwanza ni mawe yetu. Kuanzia Vanga hadi Lamu tumejengea mawe ya matumbawe, na jiwe la tumbawe lina vitundu vingi vidogo. Hunywa maji kama sponji na huyatoa polepole. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana walijengea chokaa na kupaka chokaa, kwa sababu chokaa huruhusu ukuta kupumua. Maji yakiingia, hutoka tena kama mvuke.

Sababu ya pili ni hewa. Unyevu wa hewa hapa pwani mara nyingi huwa juu ya asilimia 70, na alfajiri hupanda zaidi. Ukuta uliolowa Nairobi hukauka haraka kuliko uliolowa Mombasa.

Sababu ya tatu, ambayo watu wengi hawaijui, ni chumvi. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa, au kwa maji ya kisima yenye chumvi, ina chumvi hiyo ndani ya kuta zake hadi leo. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukifika karibu asilimia 75. Ndiyo maana kuna kuta "hutoa jasho" alfajiri hata wakati wa kaskazi, wakati hakuna mvua wala bomba lililopasuka. Mwenye nyumba hutafuta bomba mpaka akachoka, na kumbe ukuta wenyewe ndio unaoyavuta maji kutoka hewani.

Milango minne ya maji

Karibu kila unyevu niliouona uliingia kwa mojawapo ya njia hizi nne. Kila moja ina alama yake na wakati wake.

1. Kutoka ardhini. Maji ya ardhi hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Mafundi huzuia kwa kutandika juu ya msingi karatasi nyeusi wanayoiita dipisi. Ikikosekana, ikitoboka, au ua likiinuliwa kwa udongo na saruji mpaka likaipita, maji hupanda. Alama yake ni mstari wa unyevu unaokwenda sambamba na sakafu, mara nyingi usiozidi mita moja hadi moja na nusu, na juu yake mkanda wa unga mweupe wa chumvi. Rangi hufura malengelenge na plasta humung'unyoka. Huwapo mwaka mzima, ingawa huzidi wakati wa masika.

2. Kutoka juu na ubavuni, yaani mvua. Juu, kagua misumari ya mabati ambayo mipira yake imekufa kwa jua, mabati yaliyoliwa na kutu kwa upepo wa bahari, kofia ya paa iliyoinuka, gata zilizojaa majani, na mahali paa linapokutana na ukuta. Kwenye slabu, kagua nyufa, madimbwi yanayokaa siku mbili baada ya mvua, na ukuta mfupi unaozunguka paa. Ubavuni, ukuta unaotazama upepo wa kusi hupigwa na mvua ya kulala na hunywa kupitia nyufa za plasta na pembe za madirisha. Alama yake ni doa lenye mduara wa rangi ya chai, linaloongezeka saa chache au siku moja baada ya mvua, kisha hufifia.

3. Kutoka mabombani. Hapa pana bomba la maji safi, bomba la maji machafu, sakafu ya bafu, tangi la juu, na bomba la kutolea maji ya kiyoyozi lililoziba. Alama yake ni unyevu usiojali majira. Ukiwapo hata wakati wa kaskazi kavu, tafuta bomba. Bomba la maji safi huvuja mchana na usiku maadamu lina maji. Bomba la maji machafu na sakafu ya bafu huvuja mtu anapooga au kufua tu.

4. Kutoka hewani. Chumba kisicho na dirisha la kupitisha upepo, jiko la ndani, nguo zinazoanikwa chumbani, kabati lililogandishwa na ukuta wa nje. Mvuke hukutana na sehemu yenye baridi ukageuka maji. Chumba chenye kiyoyozi mchana kutwa hupoza ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo, kwenye hewa ya joto, maji hujikusanya. Alama yake ni vitone vya kuvu nyeusi pembeni mwa dari na nyuma ya makabati, bila mduara wa rangi ya chai.

Na ule ukuta wa chumvi niliouelezea? Huo huonekana kama mabaka yasiyo na mpangilio, yanayolowa alfajiri na kukauka adhuhuri.

Kujipimia nyumbani

Huhitaji mashine. Unahitaji subira, penseli na vitu vichache vya dukani.

Pua. Ukiingia chumbani baada ya kukifunga usiku kucha, pua hupata uvundo kabla jicho halijaona doa. Fungua makabati, nusa nyuma ya vitabu na chini ya godoro. Fanya hivyo mara tu unapoingia, kwa sababu baada ya dakika chache pua huzoea.

Mkono na sarafu. Gusa ukuta kwa mgongo wa kiganja, kwani hapo ngozi husikia baridi upesi. Kisha gonga kwa sarafu, hatua kwa hatua. Plasta iliyoshika hutoa sauti nzito. Iliyoachana na jiwe hulia kama ngoma. Mahali panapolia na pana baridi, hapo pana habari.

Tochi ya ubavu. Usiku, zima taa, laza tochi karibu na ukuta ili mwanga upite sambamba nao. Mafuriko ya rangi, nyufa nyembamba na viraka vilivyopakwa juujuu huonekana kwa vivuli vyake.

Penseli na daftari. Hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, na ndicho nilichokipuuza kwa Bi mkubwa. Zungushia doa mstari wa penseli, andika tarehe kando yake, piga picha. Rudia kila wiki na kila baada ya mvua. Katika daftari andika: mvua ilinyesha au la, bafu lilitumika au la, kiyoyozi kiliwashwa au la. Baada ya mwezi mmoja daftari litakuambia mengi kuliko fundi aliyetazama dakika tano.

Nailoni. Kata nailoni ya kuonekana ndani, kiasi cha sentimita 45 kwa 45. Kausha uso wa ukuta kwa kitambaa, kisha bandika nailoni kwa seloteipu pana pande zote nne, pasiwe na mwanya wa hewa. Iache saa 24. Maji yakiwa upande wa nje, unaotazama chumba, unyevu unatoka hewani. Yakiwa upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Kwa sakafu fanya vivyo hivyo. Kipimo hiki hakikuambii maji ni kiasi gani, ila kinakutenganishia mlango wa nne na ile mitatu mingine, na hiyo ni nusu ya kazi.

Tangi na mita. Kama mtaa wako una maji ya mfereji ya kudumu, funga mabomba yote usiku, andika namba za mita, zisome tena alfajiri kabla mtu hajatawadha. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linavuja. Lakini sehemu nyingi maji hayaji kila siku, kwa hiyo tangi ndilo mita yako. Funga bomba la kuingizia maji, weka alama ya kimo cha maji, usitumie mpaka asubuhi. Kimo kikishuka, funga koki ya kutokea tangini na urudie usiku wa pili. Kisiposhuka tena, basi tangi ni zima na mvujo uko kwenye mabomba ya nyumba.

Rangi ya chakula. Kwa bafu, ziba tundu la sakafu kwa tambara, mwaga maji yenye rangi yafunike sakafu, subiri saa kadhaa huku mtu akitazama chini. Rangi ikitokea chini, sakafu ya bafu au maungio yake yameachana. Isipotokea, fungua tundu maji yaende na utazame tena. Ikitokea sasa, kosa liko kwenye bomba la maji machafu. Tundu la maji ya mvua juu ya paa hupimwa vivyo hivyo. Kwa siku tofauti tumia rangi tofauti, ili usichanganye majibu. Kumbuka pia kwamba rangi huweza kubaki kwenye dari, basi mwambie mwenye dari mapema.

Mpira wa maji. Hiki ni cha paa la mabati au vigae na cha kuta za nje, siku isiyo na mvua. Mtu mmoja awe ndani na tochi, mwingine nje na mpira. Anza chini, mwagia sehemu moja kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha panda juu kidogo. Usianze juu, kwa sababu maji yatateremka yakalowesha kila kitu na hutajua ni tundu lipi lililoingiza. Wa ndani akipiga kelele, simama hapo hapo uweke alama kwa chaki. Zima umeme kwenye swichi kuu kabla hujaanza.

Dimbwi la slabu. Slabu bapa hupimwa kwa kuziba matundu yake na kujaza maji ya sentimita mbili na nusu hadi tano kwa saa 24. Lakini fahamu uzito wake. Sentimita tano za maji ni kilo 50 kwa kila mita mraba. Slabu ya mita mraba 20 itabeba tani nzima. Kwa hiyo usithubutu kuijaza slabu inayoonyesha nondo, yenye nyufa kubwa, wala dari ya zamani ya boriti.

Vifaa vya wataalamu, na mipaka yake

Siku hizi wako mafundi wanaokuja na mashine. Ni vizuri, lakini jua mashine inasema nini, usije ukalipia namba.

Mita ya unyevu yenye misumari miwili hupitisha umeme mdogo kati ya misumari hiyo. Penye maji umeme hupita kwa urahisi, na mita hupanda. Iliundwa kwa ajili ya mbao, na kwa mbao ni ya kuaminika: boriti au mbao za paa zikizidi asilimia 20, hatari ya kuoza imeingia. Kwa ukuta wa mawe, namba yake si asilimia ya kweli, ni ya kulinganisha tu. Na hapa pwani kuna mtego: chumvi nayo hupitisha umeme. Ukuta wenye chumvi unaweza kuonekana umelowa chepechepe wakati una unyevu kidogo. Fundi mwaminifu hapimi mahali pamoja. Hupima kila baada ya sentimita 30, kutoka sakafuni kwenda juu na kwa upana, akaandika namba zote. Namba zikipungua kadiri unavyopanda, maji yanatoka ardhini. Zikiwa kubwa mahali pamoja na kupungua pande zote, hapo karibu pana mvujo.

Kamera ya joto haioni maji. Inaona tofauti ya joto la uso wa ukuta. Ukuta unaokausha maji hupoa, kwa hiyo sehemu iliyolowa huonekana baridi. Kwa slabu, wakati mzuri ni baada ya jua kuchwa: sehemu kavu hupoa upesi, iliyoficha maji hubaki na joto la mchana. Lakini kivuli cha mwembe, upepo wa kiyoyozi, au mabati yanayong'aa vyote huweza kuidanganya. Kamera hukuonyesha pa kupima. Kipimo chenyewe lazima kifuate.

Jibu la uhakika kuhusu kiasi cha maji hupatikana kwa kutoboa ukuta na kuchukua unga wake. Unga huo hupimwa uzito, hukaushwa kwenye tanuri la nyuzi 105, kisha hupimwa tena. Tofauti ndiyo maji. Kuna pia chupa maalumu ya chuma: unga huchanganywa na kabidi, gesi inayotoka husukuma saa ya chupa, na saa husoma kiasi cha maji papo hapo. Kazi hizi ni za maabara au mtaalamu, na zinafaa pale panapo kesi au ununuzi mkubwa.

Nyumba za kale: usizizibe pumzi

Wenye nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa na za Lamu, mji uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, wana jambo la ziada. Kuta zao ni nene na hazina dipisi. Zimedumu kwa sababu ziliachwa zipumue. Anapokuja fundi akambandua chokaa akapiga plasta ya saruji, ukuta hupendeza mwaka mmoja. Kisha maji yaliyokuwa yakitoka kwa chini, sasa yamefungiwa, hupanda juu zaidi yakatafuta pa kutokea, na mara nyingi hutokea penye ncha za boriti zilizoingia ukutani. Hapo boriti huoza ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa hiyo katika nyumba ya kale, kagua ncha za boriti kila mwaka. Chomeka bisibisi taratibu pale boriti inapoingia ukutani. Ikigoma, ni nzima. Ikizama kama kwenye keki, weka nguzo za kuegemeza na uhamishe watu wanaolala chini yake leo hii. Ukitaka kukarabati, tumia chokaa, na pitia kwanza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, kwa sababu nyumba hizi zina sheria zake.

Alama zisizongoja

Mengine yanaweza kungojea mshahara. Haya hayangoji:

- Maji karibu na swichi, soketi au taa. Zima umeme wa sehemu hiyo, ita fundi wa umeme.
- Nyufa zilizonyooka chini ya slabu zikifuata mstari wa nondo, michirizi ya kutu, au vipande vya saruji vinavyodondoka. Chumvi huvunja kinga ya nondo ndani ya zege. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na huipasua zege kutoka ndani. Hapo usiite mpaka rangi, muite mhandisi aliyesajiliwa.
- Dari ya jipsam au mbao iliyoning'inia kama tumbo. Imebeba maji. Usisimame chini yake.
- Mtoto au mzee mwenye pumu anayelala chumba chenye kuvu. Mhamishe chumba kwanza, ukuta utautengeneza baadaye.

Ukishajua mlango

Ziba mlango kwanza, kisha ngoja ukuta ukauke, kisha ndipo upake. Watu wengi huruka hatua ya kati. Kanuni ya mafundi ya kukadiria ni kwamba ukuta hukauka kiasi cha mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ukuta wa sentimita 20 basi wataka miezi minane, na zile nene za Mji wa Kale zaidi ya mwaka. Ukipaka rangi kabla ya hapo, umeyafungia maji ndani na umejilipia doa jipya. Unga wa chumvi upanguse kwa brashi kavu, usiuoshe kwa maji, kwani maji huirudisha chumvi ndani.

Kwa anayetaka kununua au kupanga, nenda ukaitazame nyumba wakati wa masika, au asubuhi baada ya mvua. Rangi mpya ya ukuta mmoja tu, kabati lililosukumwa pembeni bila sababu, zulia lililopanda ukutani, uturi na ubani mwingi kwenye chumba kilichofungwa: sisemi kuna hila, nasema chukua sarafu yako ugonge. Anayepanga apige picha za kila ukuta zenye tarehe siku ya kuhamia, asije akakatwa amana kwa doa alilolikuta.

Nimalizie nilipoanzia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Lakini ukiziba ufa usiokuwa wake utalipa mara mbili, na huenda ukapoteza na jirani. Mkiwa wawili mnatuhumiana kwa doa, msipeleke maneno kwa watu. Nunueni kichupa cha rangi ya chakula, pandeni juu pamoja, mmwage maji pamoja, mteremke mkatazame pamoja. Atakayeonekana na kosa atalitengeneza bila kubishana, kwa sababu ameliona kwa macho yake.

Bi mkubwa na familia ya juu wamepatana, alhamdulillahi. Mwenye nyumba alipitisha bomba jipya la mvua nje ya ukuta, mahali ambapo kila mtu analiona. Idi iliyofuata sahani ilipanda ngazi, na nyingine ikateremka. Doa lenyewe halijapakwa rangi bado. Bi ameliacha na duara langu la penseli, asema anangoja likauke sawasawa.